Jinsi ya kukagua data za fMRI kwa MRIQC kabla hujaanza kuchambua

Ukiwa na skani za fMRI (picha za ubongo ukiwa kazini) za watu wengi huwezi kukaa unafungua moja moja, macho yatachoka na ukifika katikati unaanza kupitisha kila kitu. Mi natumia MRIQC, programu ya bure iliyotokea Stanford, inakutolea vipimo vya kila skani. Ila namba hazikuamulii, zinakuonyesha tu uanze kuangalia wapi.

1. Panga mafaili kwa BIDS (utaratibu wa pamoja wa kupanga na kuyapa majina mafaili ya skani)

Jina liwe kama `sub-01_task-rest_bold.nii.gz`, na pembeni faili lake la JSON (lenye maelezo ya skani). Hiyo JSON ifungue ucheki `RepetitionTime` (TR, muda toka picha moja hadi inayofuata), inatakiwa iwe kwa sekunde, ukikuta 2000 badala ya 2 ujue mtu kaandika milisekunde. Halafu pitisha folda lote kwenye bids-validator, inayokagua kama umepanga sawa. Kama huna data zako chukua ds000030 ya UCLA pale OpenNeuro (tovuti ya data za bure za ubongo), washiriki wachache tu, ukishusha yote bando linaisha.

2. Endesha (kwa Docker, inayoendesha programu ikiwa imefungashwa tayari)

`docker run -it --rm -v $PWD/bids:/data:ro -v $PWD/qc:/out nipreps/mriqc:latest /data /out participant --no-sub`

Ikimaliza rudia hiyohiyo, weka `group` badala ya `participant`. Ile `:ro` inafanya data zako zisomwe tu zisiguswe. Na `--no-sub` usiiache kama kibali chako cha maadili hakijasema kitu, manake bila hiyo programu inatuma vipimo (sio picha) kwenye seva yao.

3. Soma jedwali

Fungua `group_bold.tsv`, hata Excel inatosha. `fd_mean` ni wastani wa FD, yaani kichwa kilivyosogea toka picha moja hadi inayofuata, kwa milimita, na `fd_perc` ni asilimia ya picha zilizozidi 0.2. `tsnr` (ishara ukilinganisha na kelele) ikiwa juu ndo vizuri. `gsr_x` na `gsr_y` ni vivuli vya ubongo vinavyojirudia pembeni, wewe angalia ule wa upande wa phase encoding tu (mmoja wa mielekeo ambayo skana inatumia kupanga picha).

Sasa hapa ndo wengi wanateleza, wanachukua kikomo cha paper ya watu wengine wanakata nacho. tSNR inabadilika na ukubwa wa voxeli (kijipande kidogo kabisa cha picha), FD inabadilika na TR, kwahiyo namba ya skana ya mwenzio haikuhusu. Hata waliotengeneza MRIQC, 2017, walifundisha kompyuta kuchuja picha za T1 (za umbo la ubongo) kwa kutumia ABIDE (mkusanyiko wa data za utafiti wa usonji), skani 1102 za vituo 17, na kwenye kituo ambacho haijawahi kukiona ilipatia kama 76% tu. Wewe panga jedwali kwa kila kipimo, chukua waliojitenga na wenzao, ingia hatua ya 4.

4. Fungua ripoti za HTML za hao

Nenda kwenye kapeti, ile grafu ya kijivu ambayo kila mstari ni voxeli na muda unaenda kulia. Ukiona mchirizi umekata toka juu hadi chini, panda kwenye mistari ya FD na DVARS (picha nzima ilivyobadilika mwanga toka moja hadi inayofuata). Zote zimeruka? Kichwa hicho. DVARS imeruka peke yake na FD imelala, shuku skana, mwite fundi.

5. Amua, andika

Kikomo kiandike kabla hujaona matokeo ya utafiti. Na kabla ya kumtoa mtu hesabu kila kundi linapoteza wangapi, watoto na wagonjwa wanatikisika zaidi, ukikata kwa FD bila kuangalia unaweza kubaki na wagonjwa watulivu tu, na hao sio uliotaka kuwachunguza.