Koleksheni ya mwaka wa mwisho: wazo unalitoa wapi na linageukaje kuwa nguo

Nyie mnaosomea ubunifu wa mavazi na mnaingia mwaka wa mwisho, najua hapo ulipo simu imejaa mapicha ya Pinterest, lakini ukiulizwa koleksheni yako, yaani yale mavazi unayoyabuni kwa wazo moja, inahusu nini unajibu "asili". Hata mimi nilijibu hivyohivyo tena kwa kujiamini, mwalimu akaniuliza asili ipi, jani, mchwa au mvua? Nikabaki natoa macho. Wiki 3 zikaenda hivyo, maana neno kubwa kama lile mkasi hauna pa kuanzia.

Kwa hiyo anza na kitu kimoja unachoweza kukishika mkononi. Sio "safari", ni begi lenye zipu iliyokufa. Sio "mvua", ni mwamvuli uliovunjwa na upepo. Halafu kaa nacho chini ukichunguze kama fundi, usikiangalie kama mpiga picha.

Tuchukue huohuo mwamvuli. Ufungue uhesabu vipande, mingi ina 8, na kila kipande ni pembetatu, ila ukikitandaza mezani utaona pembeni hakijanyooka, kimebinuka kidogo kwenda nje, na ule mbinuko ndio unaoufanya mwamvuli uwe kama bakuli badala ya kulala flati. Hapo umeshapata sketi ya vipande 8 na sababu ya kuikata hivyo. Angalia tena, kitambaa hakijashonwa chote kwenye vyuma, kimeshikwa sehemu chache tu na katikati kinajivuta chenyewe, sasa jiulize blauzi iliyoshikwa sehemu chache hivyo itakaaje mwilini? Ufunge, uone marinda yanavyojizungusha kwenye mti na kale kamkanda kanavyoyabana. Hako kamkanda ni kifungo cha koti lako. Na vile vyuma vilivyopinda ukivipitisha ndani ya kola unapata kola iliyogeuka upande mmoja kama imepigwa na upepo, na mtu akiiona anaielewa hata kama hujaandika neno.

Ukishafika hapo ndio uende kusoma wabunifu wengine walivyoanza, sio kabla. John Galliano alipomaliza chuo cha sanaa cha Saint Martin's London (sasa Central Saint Martins) mwaka 1984 koleksheni yake iliitwa Les Incroyables, ilitokana na vijana wa Paris baada ya mapinduzi ya Ufaransa waliokuwa wanavaa kwa kuchokoza, na duka la Browns la London likainunua yote. Alexander McQueen mwaka 1992 alimchukua muuaji wa London ya karne ya 19 anayeitwa Jack the Ripper, mada ambayo mtu mwingine angeishia kumwaga rangi nyekundu kila mahali, yeye akaweka nywele za binadamu ndani ya bitana ya koti. Anayenifurahisha zaidi ni Hussein Chalayan, 1993, alizifukia nguo udongoni pamoja na unga wa chuma mpaka zikaota kutu, halafu akazifukua. Udongo ndio ulimfanyia kazi ya rangi. Wote hao ukiwauliza mada wana jibu, lakini ukiwauliza mada iko wapi kwenye nguo wanakuonyesha kwa kidole, na hilo ndilo swali utakaloulizwa na wewe.

Michoro chora mingi na ya haraka, 40 au 50, mibaya pia weka. Ila usikae sana kwenye karatasi, kwenye karatasi kila kitambaa kinatii. Chukua amerikani ya bei rahisi, bandika pini kwenye sanamu la fundi, kata, piga picha mbele, nyuma na ubavuni. Mimi mawazo yangu mazuri karibu yote yalitoka kwenye kosa la hapo, kuna mkono niliupachika kichwa chini miguu juu na ndio uliobeba koleksheni nzima aisee.

Rangi na kitambaa navyo vitoke kwenye kile kitu chako. Nailoni ya mwamvuli ni nyepesi, inapiga kelele ukitembea, sasa ukichora nguo yenye tabia hiyo halafu ukaenda kuishona kwa sufu nzito kwa sababu umeipenda dukani, umeshapotea. Ndio watu wengi wanapoharibu hapo.

Kuchuja kunauma lakini fanya. Tuseme umeambiwa mavazi 6, yapange ukutani, toa moja, kama hakuna kilichopungua basi lilikuwa limejazia nafasi tu. Kusiwe na nguo 6 zinazosema jambo lilelile kwa sauti ileile, moja iwe inapiga kelele, nyingine inanong'ona.

Na kama umechota kwa watu wengine, ufumaji wao au vazi lao la ibada, nenda kaongee na wanaolitengeneza na uwataje majina kwenye maelezo yako. Vazi la ibada wakikuambia hapana, acha.

Maelezo yenyewe yasizidi sentensi 3: nilishika nini, nikaona nini, kiko wapi kwenye nguo. Maneno kama "safari ya kujitambua" futa yote. Na ule mwamvuli usiutupe, siku ya kusahihisha watakuambia uulete mezani.