Kupanda Thunbergia alata kwenye uzio jijini Nairobi

Anayetaka kuufunika uzio wa waya kwa maua bila kungoja miaka hana haja ya kuagiza mmea wa mbali. Thunbergia alata, mtambaa wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati, asili yake ni huku kwetu Afrika, na hujiotea wenyewe vichakani. Ziko aina za maua meupe na ya manjano, ingawa kwangu mimi hakuna inayoishinda ile ya chungwa.

Zipande mbegu mvua za Machi au za Oktoba zinapoanza. Ziloweke usiku kucha, kisha uzifukie kina cha sentimita 1 hivi. Kwa kawaida huchipua baada ya wiki 2 au 3. Kwenye udongo mwekundu wa Westlands samadi iliyooza vizuri yatosha, lakini udongo mweusi wa Embakasi hutuamisha maji na kuozesha mizizi, kwa hiyo inua tuta na uchanganye mboji ya kutosha.

Wengi hukosea mahali pa kuupandisha. Shina lake jembamba hupanda kwa kujizungusha na halina kitu cha kunatia, ndiyo maana haliwezi kuukwea ukuta mtupu wa mawe. Utandikie ukuta huo waya au kamba za katani zilizokazwa toka chini hadi juu, nao utajipandia.

Kasi yake ndiyo inayotaka uangalizi. Tunda lake ni kitufe chenye mdomo mrefu uliochongoka kama wa ndege, nalo likikauka hupasuka na kuzirusha mbegu. Tena shina likilala chini hutoa mizizi kwenye vifundo. Huko Australia na Hawaii, ulikopelekwa kama pambo, umegeuka kuwa gugu. Basi chuma matunda yangali mabichi, ng'oa miche inayojiotea ingali midogo, na usiupande karibu na mlimau au waridi, kwa maana utaifunika na kuinyima mwanga. Matawi uliyoyakata usiyatupe kando ya mto.

Baridi ya Julai na Agosti ikiisha, upogoe hadi sentimita 30 kutoka ardhini ili machipukizi mapya yakutane na mvua za Oktoba. Katika ukavu wa Januari na Februari, geuza majani utazame upande wa chini: ukiona utando mwembamba na vidoa vyeupe, huo ni utitiri, nao hupungua ukiyaosha majani hayo kwa maji kila asubuhi.