Jinsi ya Kufufua Chasisi na Springi za Land Rover 109 Gereji ya Nyumbani

Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya kudanganya. Kutu haili aluminiamu, kwa hiyo gari la mwaka 1968 linaweza kusimama uwanjani likiwa na sura ya kuuzika, kumbe chini yake mhimili umeoza hadi unatoboka kwa kidole. Watu wengi hununua rangi kwanza. Wewe anza chini.

Mwongozo huu ni wa Series II, IIA na III, yaani magari ya kati ya 1958 na 1985 yenye springi za mabamba mbele na nyuma. Mifano yangu ni ya 109 (namba hii ni inchi kati ya kituo cha gurudumu la mbele na la nyuma). Mwenye 88 atafuata hatua zilezile, vipimo tu ndivyo vitabadilika. Mwenye gari la springi za koili achukue sehemu ya chasisi, ya springi aiache.

Unahitaji sakafu ya zege, stendi nne imara, jeki mbili, grainda, mashine ya kuchomelea, timazi, mpira wa maji wa mafundi ujenzi na futi kamba ya chuma. Kitabu cha kiwanda cha gari lako kiwe karibu kwa ajili ya viwango vya kukaza nati. Usikaze kwa kukisia.

Hatua ya 1: Gonga kabla ya kufungua

Gari likiwa bado zima, ingia chini na nyundo ndogo na panchi yenye ncha. Chasisi hii ni mihimili miwili mirefu, kila mmoja umeundwa kwa mabamba manne yaliyochomelewa kuwa bomba la pembe nne. Maji na tope huingia ndani na kukaa, ndiyo maana kutu huanzia usikoona. Gonga upande wa chini kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu na panchi huzama.

Kagua zaidi boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, hanga za springi (vishikio vya springi kwenye chasisi), na pale mhimili unapopinda kupanda juu ya ekseli ya nyuma. Gari lililofanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja limekula chumvi ya bahari. Lililozunguka maziwa ya Natron na Eyasi limekula vumbi la magadi, nalo si rafiki wa chuma. Ukikuta kiraka juu ya kiraka, hesabu kwamba chini yake hakuna kitu: maji hunaswa katikati ya mabamba mawili na kutafuna yote.

Mihimili yote miwili ikiwa imeoza kwenye hanga, mimi nisingeanza kushona. Uingereza bado zinatengenezwa chasisi mpya zilizochovywa kwenye zinki. Ni ghali, na kusafirisha ni ghali zaidi, lakini piga hesabu ya bamba, gesi na umeme kwanza ndipo uamue.

Jambo moja la karatasi lisisubiri. Namba ya chasisi imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye hanga ya springi. Isafishe kwa brashi ya waya ya mkono, usiiguse kwa grainda. Ipige picha na uilinganishe na kadi ya gari. Kama sehemu hiyo imeoza, au unabadilisha chasisi nzima, ulizia taratibu TRA (kwa Kenya ni NTSA) kabla ya kukata. Ukishaipoteza ile namba, unamiliki vyuma tu.

Hatua ya 2: Vua bodi

Hapa gari hili lina huruma. Bodi yake ni vipande vilivyofungwa kwa bolti: paa, mbawa za mbele, viti na sanduku la nyuma. Paa hubebwa na vijana wanne bila winchi. Toa tanki la mafuta mapema, ulipeleke mbali na mahali utakapochomelea. Bolti zote zipulizie mafuta ya kulainisha siku kadhaa kabla. Kila fungu la bolti litie kwenye mfuko wake na uandike limetoka wapi.

Kifaa kimoja kinahitaji heshima: rilei ya usukani, ile silinda iliyosimama ndani ya boriti ya mbele. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu sana. Ikifunguliwa ovyo huruka kama risasi, na imeshaumiza mafundi. Itoe nzima. Mara nyingi huwa imeshikana na boriti kwa kutu, kwa hiyo lowesha, pasha joto kiasi boriti, gonga kutoka chini huku ukiizungusha kidogo kidogo. Kama haivuji na haina mchezo, usiifungue kabisa.

Hatua ya 3: Pima

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa. Fundi anaona tundu, anawasha mashine. Akimaliza, ana chasisi isiyo na tundu ambayo gari lake huvuta kushoto na kula tairi, na hakuna springi mpya itakayorekebisha hilo.

Weka chasisi tupu juu ya stendi nne. Sawazisha urefu kwa mpira wa maji, si kwa macho. Sakafu nyingi za nyumbani zina mteremko hata kama hujawahi kuuona. Kisha shusha timazi kutoka kila tundu la hanga ya springi, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na uweke alama ya chaki sakafuni kila mahali. Ongeza alama za matundu ya boriti ya nyuma na ya vishikio vya injini.

Sasa iondoe chasisi akilini, ufanye kazi na chaki. Pima mishazari: hanga ya mbele kushoto hadi hanga ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 3 au 4, chasisi imesukumwa upande mmoja, mara nyingi kwa ajali ya zamani au kwa kuvutwa vibaya kutoka matopeni. Pima pia mishazari ya nusu ya mbele na ya nusu ya nyuma peke yake, maana hapo ndipo utajua tatizo liko wapi. Andika namba zote kwa rangi ukutani. Daftari hupotea.

Chasisi iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa mnyororo na jeki. Iliyojisokota ni kazi ya karakana yenye fremu ya kunyooshea, na kung'ang'ana nayo nyumbani ni kujichosha bure.

Hatua ya 4: Kata na uchomelee

Kabla ya kukata chochote, chomelea vyuma vya pembe kwa muda kutoka mhimili hadi mhimili, kimoja kila upande wa eneo unalolifanyia kazi. Vitashika umbali usibadilike. Kisha badilisha kipande kimoja tu kwa wakati. Anayekata boriti ya nyuma na mikono yote siku moja hubaki bila kitu cha kupimia.

Kata hadi ufikie chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Kwa mihimili tumia bamba la milimita 2 hadi 3. Msichana wa chuo cha ufundi anayekuja kunisaidia aliuliza kwa nini tusitie la 6 ili tumalize kabisa. Jibu ni kwamba bamba nene halipindi pamoja na jembamba, hivyo ufa hutokea pembeni ya kiraka baada ya barabara mbovu za msimu mmoja. Pembe za kiraka zikate za mviringo. Kama unaunga mhimili mzima, usiunge kwa mstari ulionyooka wima. Kata kwa umbo la V na utie kipande cha ndani cha kuushikilia.

Shika kwa nukta kwanza, rudi kwenye timazi na chaki, pima, ndipo uchomelee mistari mifupi ukiruka upande huu na ule. Joto huvuta chuma. Mashine ya waya na gesi ndiyo rahisi kwa bamba jembamba. Kwa rodi, tumia nyembamba na umeme wa chini. Hanga za springi ziwe za mwisho, na katika kuziweka pitisha bomba lililonyooka kwenye matundu ya kushoto na kulia kwa pamoja ili yatazamane. Kama kuna bamba la zinki, saga zinki kwanza na ufanye kazi penye upepo. Moshi wake hutia homa.

Hatua ya 5: Zuia kutu

Zibua matundu yote ya kutolea maji. Safisha kwa brashi ya waya ya grainda ukiwa na miwani, paka praima ya zinki, kisha rangi nyeusi ya chasisi tabaka mbili. Rangi ikishakauka, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kwa mpira mrefu.

Najua wengi watasema oili chafu inatosha. Kwenye chuma kitupu inasaidia kiasi, ila hunasa vumbi, huozesha mpira wa bushi (mirija ya mpira na chuma iliyo kwenye macho ya springi), na si kitu cha kuogea mikono yako kila siku. Mahali sanduku la nyuma linapokalia boriti, weka ukanda wa mpira. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu, aluminiamu hugeuka unga mweupe.

Hatua ya 6: Springi

Bolti za sheko (vipande vinavyounganisha springi na hanga) huwa zimeganda ndani ya bushi. Usipigane nazo, zikate kwa grainda kati ya springi na hanga. Bushi kuukuu ni bomba la chuma, mpira, na bomba jingine la nje. Toboa mpira, sukuma bomba la ndani litoke, pitisha msumeno wa chuma ukate bomba la nje kwa urefu, kisha likunje kwa tindo. Kuchoma mpira ni haraka zaidi, lakini moshi wake ni mchafu na majirani wana pua. Bushi mpya ivute kwa studi ndefu, nati na washa nene, nguvu yote ikienda kwenye bomba la nje.

Springi zenyewe zifungue, zisafishe, utazame nyufa na pale ncha ya bamba la chini ilipochimba la juu. Ukizikuta nyembamba au zimelala, nunua seti. Kuongeza bamba la lori ili gari libebe zaidi ni mazoea ya kwetu, na ndiyo sababu hanga nyingi zina nyufa: springi isipocheza, chasisi ndiyo inayocheza.

Springi ya upande wa dereva ina upinde mkubwa kidogo kuliko ya upande mwingine, kwa hiyo usizichanganye. Kichwa cha bolti ya kati kiingie kamili kwenye tundu la ekseli, la sivyo ekseli itakaa mshazari. Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Zikaze kwa kupishana. Nati za sheko na za hanga ziweke zishike tu, usizikaze bado. Shokapu hazina fumbo, funga.

Hatua ya 7: Lishushe chini

Rudisha injini, giaboksi na bodi, lisimamishe gari kwenye tairi zake, lisukumasukume mara kadhaa. Sasa ndipo ukaze nati za sheko. Mpira wa bushi umegandamana na chuma chake. Ukikaza springi zikiwa zinaning'inia, mpira utakaa umesokotwa maisha yake yote na kukatika mapema.

Pima kati ya kituo cha gurudumu la mbele na la nyuma, kushoto na kulia. Kwa 109 ni milimita 2769, na pande zote mbili zilingane. Kisha rekebisha magurudumu ya mbele yabanane kwa mbele kati ya milimita 1.2 na 2.4.

Jaribu kwanza kwa mwendo mdogo, bila mzigo. Baada ya kilomita mia kadhaa za vumbi rudi chini na spana: yubolti zitakuwa zimelegea kidogo. Zikaze tena, na ukague kila mshono wa hanga kwa tochi.