Kupunguza upepo wa baridi katika nyumba za zamani za Tabora

Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ndiyo maana usiku wa Juni na Julai huwa na baridi inayowasumbua wakaazi wa nyumba za zamani zenye kuta za udongo na milango mizito ya mninga.

Kabla ya kununua chochote, tafuta hewa inakopitia. Upepo unapovuma jioni, washa kijiti cha udi, ukipitishe taratibu kando ya fremu, chini ya mlango na pale ukuta unapokutana na paa. Moshi ukiyumba ghafla, hapo pana upenyo. Anza na mlango, kwa kuwa mbao husinyaa wakati wa kiangazi na kuacha nafasi: pigilia upande wa chini ukanda wa mpira, hata uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, uguse sakafu bila kukwama. Nyufa za ukuta wa udongo zizibwe kwa udongo uliochanganywa na mchanga, au kwa chokaa, wala si kwa saruji, ambayo ni ngumu mno kwa ukuta huo, huzuia unyevu kutoka na hatimaye hubanduka. Madirisha yanahitaji pazia zito tu.

Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yaachwe wazi. Nasisitiza pia kwamba jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, hata likionekana kubaki majivu matupu, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.