Namna ya kuhakiki taashira katika riwaya ya Invisible Man

Wakikutana na taashira, yaani kitu kinachosimamia wazo fulani, wanafunzi wangu wengi hukimbilia jibu: rangi nyeupe ni ubaguzi, basi. Kwa riwaya hii (jina lake ni "Mtu Asiyeonekana") ya Ralph Ellison, mwandishi Mweusi wa Marekani, iliyotoka 1952, mimi huwaambia wakishike kitu chenyewe kwanza.

Hatua ya 1. Isome yote bila kalamu. Ni ndefu, lakini usiruke.

Hatua ya 2. Chagua kitu kimoja, ueleze kinavyofanya kazi. Chukua sura ya 10, kiwanda cha rangi. Msimulizi, kijana Mweusi asiyetajwa jina, anaagizwa adondoshe matone kumi ya dawa nyeusi katika kila ndoo ya rangi nyeupe, kisha akoroge mpaka weusi upotee. Ukipotea, rangi inang'aa, tayari kupakwa kwenye mnara wa taifa. Tua hapo. Weusi haukutolewa ndooni. Umo, na ndio unaong'arisha, ila hauonekani. Sisi tuna bahati: kwa Kiswahili, rangi ya ukutani na rangi ya ngozi ni neno lilelile.

Hatua ya 3. Uliza kazi ni ya nani na sifa anapewa nani. Shuka chini ya kiwanda umkute Lucius Brockway, mzee Mweusi anayepika kiini cha rangi ile. Ila usimfanye malaika: anaupiga vita muungano wa wafanyakazi na kujivunia kuaminiwa na bosi. Ukali wa Ellison uko hapo, haoneshi dhuluma ya upande mmoja tu.

Hatua ya 4. Fuata kitu kinachosafiri. Mkoba wa ngozi anapewa na wazungu wa mjini kwao baada ya kupiganishwa na vijana wenzake wakiwa wamefungwa macho. Anautunza kitabu kizima. Mwishoni, gizani chini ya ardhi, anachoma karatasi zilizomo apate kuona njia, akianza na cheti chake cha shule. Andika orodha ya kila kinachoingia mkobani na nani alikitoa.

Hatua ya 5. Sasa ndipo ufungue historia. Ghasia za mwisho wa riwaya zisome pamoja na zile za Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, za Agosti 1943, zilizozuka baada ya polisi kumpiga risasi mwanajeshi Mweusi. Ellison aliziripoti gazetini.

Hatua ya 6. Andika aya yako ukianza na kitendo: "Anadondosha matone kumi, anakoroga." Neno "ubaguzi" lisubiri sentensi ya tatu.