SOMO: Kampeni ya kununua au ya kutunga mwenyewe, unachaguaje?

Wakuu habari zenu. Kila mtu mpya akiamua kuwa mchezeshaji (yule anayeendesha hadithi) wa gemu za kuigiza za mezani lazima aulize hili swali, kampeni, yaani hadithi ndefu ya kucheza vikao vingi, ninunue au nitunge, na majibu ni yale yale, "we bado mgeni, chukua iliyoandikwa, ukikomaa utatunga yako." Mi hilo jibu silipendi sana. Sio uongo, ila linakufanya udhani ya kununua ni mteremko na ya kutunga ndo shughuli. Zote shughuli bwana, moja inakula muda wako kwa kusoma, nyingine kwa kubuni, sasa we ni mtu wa ipi?

HATUA YA 1: Hesabu muda wako, usijidanganye
Kitabu cha kampeni nzima ya Dungeons & Dragons, ile gemu maarufu ya aina hii, mara nyingi kinavuka kurasa 200, na huwezi kusoma kurasa kumi za mwanzo ukasema nyingine utamalizia mbele ya safari. Mi nilifanya hivyo. Kuna mzee wa kijiji sura ya kwanza nikamwona wa kupita tu, wachezaji wakagombana naye kikao cha pili wakamuua, mi nikacheka nao, kuja kufika sura ya tano nakuta yeye ndo alikuwa na ufunguo wa kila kitu. Nikabaki natoa macho. Kwahiyo ukinunua, soma chote kwanza, hata harakaharaka.
Ya kutunga haina kurasa za kusoma ila siku ya kikao ikifika na hujaandaa kitu, hamna sura ya kukimbilia.

HATUA YA 2: Ongea na wachezaji kabla dadu haijarushwa
Hiki ndo wengine wanaita kikao sifuri, na watu wanakiruka halafu wanakuja kulalamika. Ukichagua ya kununua, waambie wazi, jamani hii hadithi inahusu joka linalotesa bonde fulani, naomba kila mtu atengeneze mhusika mwenye sababu ya kulifuata hilo joka. Wakikubali, kazi yako nusu imeisha. Usipowaambia, mmoja anakuja na mwizi ambaye anataka tu kufungua duka mjini, mwingine anataka kwenda kutafuta baba yake kule kwingine kabisa, na we unaanza kuwaburuza. Hakuna anayependa kuburuzwa.
Kama wote wana hadithi zao za baba na maduka na hawataki kuziacha, basi hapo jibu ushapewa, tunga, maana hizo hadithi zao ndo kampeni yenyewe.

HATUA YA 3: Angalia urefu
Vikundi vingi havifi kwa sababu ya hadithi mbaya, vinakufa kwa ratiba. Huyu kahama, yule kapata mtoto, basi. Ndo maana kwa wanaoanza napenda kampeni fupi kama Lost Mine of Phandelver, ilitoka 2014 ndani ya boksi la wanaoanza, inawatoa wahusika levo (ngazi ya nguvu) ya 1 hadi ya 5 na hapo unaweza kuishia bila aibu. Za kwenda hadi levo ya 10 na kuendelea waachie wale mnaojuana mnakaa mwaka mzima.

HATUA YA 4: Kama unatunga, usitunge hadithi
Hapa ndo nitakaa kidogo. Kosa la watunzi wapya ni kuandika nini kitatokea: wachezaji wataingia msituni, watakutana na mchawi, watamhurumia... nani kakwambia watamhurumia? Andika hali, sio matukio. Kijiji kimoja, shimo moja la hatari jirani, na watu watatu wanaotaka vitu vinavyogongana, mfano mkuu wa kijiji anataka shimo lifungwe, mfanyabiashara anataka lifunguliwe, kuhani anaficha aliyelichimba. Kwa kila mmoja jiulize, wachezaji wakilala tu wiki nzima huyu atafanya nini? Ukishajibu hilo una vikao vitatu hapo, na lolote watakalofanya huwezi kukwama.
Kama kuna siri ya kugundua, weka dalili tatu au zaidi. Ya kwanza wataipita, ya pili wataielewa vibaya.
Na zile historia za wafalme wa miaka elfu, andika kama unafurahia, ila usidhani kuna mtu atauliza.

HATUA YA 5: Kuchanganya ruksa
Gygax na Arneson, waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, kila mmoja alikuwa anachezesha dunia yake ya kutunga. Lakini hakuna anayekukataza kuokota pango la kwenye kitabu ukalibandika chini ya kijiji chako, ukabadili majina, ukafuta sura inayokuchosha. Mi sa hivi nafanya hivi tu, dunia yangu, mapango ya wenzangu, maana kuchora vyumba 30 na mitego yake sina hamu hiyo.

MASWALI

Swali: Mkuu nina kitabu cha kampeni ya Curse of Strahd tayari ila mchezaji mmoja alishawahi kuicheza kwa mtu mwingine, nitupe?
Jibu: Usitupe. Ile mwanzoni inapigwa ramli ya karata, ndo inaamua vifaa muhimu viko wapi na nani atawasaidia, kwahiyo anachokumbuka yeye kinaweza kisiwe kwako. Mwombe tu mambo mengine akae nayo kimya.

Swali: Wachezaji wangu wamepanda meli wakaondoka kabisa kwenye eneo la kitabu, kikao ni kesho, nifanyeje?
Jibu: Hahaha poleni. Kesho chezesha meli tu, dhoruba, abiria mmoja mwongo, inatosha. Af mwisho wa kikao waulize kawaida kabisa kama watu wazima, mnataka turudi kwenye ile hadithi au tumeiacha? Wakisema tumeiacha, chukua adui wa kitabu mhamishie walikoenda.

Swali: Mi nimeandika miungu 14 na ramani ya bara zima, wachezaji hata hawaulizi. Inauma.
Jibu: Dada hiyo inauma kweli. Chagua mungu mmoja, umpe hekalu, umpe kuhani anayemdai hela mmoja wa wachezaji. Utaona watakavyouliza.

Swali: Tuko wawili tu, mimi na mchezaji mmoja. Vitabu vinafaa?
Jibu: Vingi vimepimwa kwa watu wanne au watano, kwahiyo punguza idadi ya maadui kwanza, usihangaike na nguvu zao, maana mtu mmoja akizungukwa na watano wote wanampiga kabla zamu yake haijarudi. Au mpe msaidizi mmoja, amwendeshe yeye mwenyewe sio wewe.