Mgeuze chali kwanza: kumkagua kaa jike kabla ya kumnunua

Napika kaa hapa Dodoma, wa mikoko, wanaletwa kutoka pwani wakiwa hai, magando yamefungwa kamba.

Mgeuze chali. Dume ana mkunjo mwembamba tumboni, umechongoka. Wa jike aliyekomaa ni mpana, wa mviringo, unakaribia kufunika tumbo zima.

Uinue mkunjo huo taratibu kwa kidole gumba, uone kama ana mayai chini yake. Mayai ya nje ni madogo kuliko punje za uwele, yameshikana bonge moja, na bonge hilo laweza kuzidi mayai milioni. Ya rangi ya chungwa ni mapya. Yakiwa meusimeusi yanakaribia kuanguliwa.

Jike mwenye mayai hayo simnunui kabisa. Dodoma hakuna bahari ya kumrudishia, kwa hiyo nampigia mvuvi simu: mwingine akinasa, amwachie palepale.